Jengo la shule la zege linachemka na kupukutika: tafuta chanzo kabla ya kununua kiyoyozi

Majengo mengi ya shule za pwani yetu, kuanzia Tanga na Dar es Salaam hadi Unguja na Mombasa, yalijengwa kwa zege kati ya miaka ya 1960 na 1980, na malalamiko yake yanafanana. Darasa linachemka, paa linavuja, dari linadondosha vipande, na bili ya umeme inapanda. Kamati ya shule ikikaa, pendekezo la kwanza huwa ni viyoyozi na la pili ni rangi mpya, ilhali hayo mawili ndiyo ya mwisho kabisa. Rangi inayopakwa juu ya nondo yenye kutu husukumwa nje ndani ya masika moja au mbili. Kiyoyozi kikifungwa chini ya slabu (paa bapa la zege) inayopikwa na jua, shule inalipa uniti za kupoza zege.

Hapa tunafuata dalili moja moja. Mfano wetu ni darasa la mita 7 kwa 9 lenye wanafunzi 45, slabu ya milimita 150 juu, madirisha pande mbili na veranda upande mmoja. Vifaa vya uchunguzi havina gharama kubwa: kipimajoto cha kulenga kwa mwale (kile chenye umbo la bastola), nyundo ya gramu 500, futi, kipande cha nailoni cha mita 1 kwa 1, vijiti vya udi, na fenolfthalini kidogo (dawa ya maabara inayogeuka waridi penye ualkali). Hiyo ya mwisho usiende kuinunua. Angalia kwanza kwenye kabati la maabara ya kemia.

Dalili: darasa ni la moto

Swali la kwanza ni la moto saa ngapi, kwa sababu kila chanzo kina saa yake.

Darasa likichoma kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi kisha likatulia, jua linaingia moja kwa moja kwa madirisha ya mashariki. Joto likipanda ghafla jua linapotoka na kushuka wingu linapopita, paa ni bati tupu lisilo na dari la maana chini yake. Ila darasa likiwa linavumilika asubuhi, likaanza kubana saa nane, likafika kilele saa kumi au kumi na moja, na wanafunzi wa bweni wakija kusoma saa moja usiku dari likawa bado linatoa fukuto, basi hiyo ni slabu. Zege la milimita 150 hupitisha joto polepole. Jua la saa saba mchana linakufikia chini baada ya saa nne hivi, na ndiyo maana watu hufungua madirisha usiku na bado wakashangaa mbona upepo wa nje ni wa baridi na ndani hakukaliki.

Thibitisha kwa kipimajoto. Saa tisa alasiri lenga dari, kisha lenga mguu wa dawati lililo kivulini katikati ya darasa. Dari likizidi kwa nyuzi 4 au zaidi, fedha ya kwanza iende juu ya paa. Tofauti ikiwa nyuzi 1 au 2 tu, paa halina kosa kubwa. Angalia madirisha na kuta za magharibi.

Kwa nini slabu inachemka? Zege lililozeeka na kuota ukungu mweusi hurudisha angani robo au theluthi tu ya mwanga wa jua, na kinachobaki hukinywa. Mchana wa Februari uso wake unaweza kufika nyuzi 55 hadi 60. Sehemu nyeupe mpya hurudisha karibu asilimia 80. Ndiyo maana dawa ya bei nafuu kuliko zote ni weupe.

Kama bajeti ni ndogo, anza na chokaa. Loweka mfuko wa kilo 25 wa chokaa iliyozimwa kwa lita 25 za maji safi usiku kucha. Kesho yake ongeza maji hadi uji uwe mwepesi kama maziwa. Sugua slabu kwa brashi ngumu, uilowanishe, kisha paka mikono mitatu miembamba asubuhi mapema au jioni, maana chokaa ikikauka haraka juani huwa unga unaopeperuka. Vaa miwani, chokaa hula macho. Mafundi wengi wa zamani hutia chumvi ili ishike. Kwa ukuta wa mawe hakuna neno, lakini kwenye slabu yenye nondo usithubutu, sababu tutaifikia. Chokaa itahitaji kurudiwa kila baada ya masika. Rangi nyeupe ya akriliki ya paa, ile inayovutika, hudumu zaidi, na hula takriban lita 1 kwa kila mita ya mraba hadi ikamilike. Adui yake ni dimbwi: mahali maji yanapolala kwa siku kadhaa hulainika na kubanduka.

Weupe usipotosha, kuna njia mbili kubwa zaidi. Moja ni paa la pili la mabati ya rangi ya kupauka juu ya slabu, likiachwa wazi pande zote. Hapa ndipo panapoharibika: fundi hufunga ncha kwa ubao ili ndege wasiingie, na ile nafasi ikageuka tanuri. Acha wazi angalau milimita 300, weka wavu wa matundu makubwa, na hakikisha miguu ya fremu imefungwa kwenye boriti au ukuta, isitobolewe ovyo kwenye slabu katikati. Upepo wa dhoruba hulinyanyua bati zaidi ya unavyolisukuma, kwa hiyo mhandisi ndiye akadirie vifungio.

Njia ya pili ni kuweka povu gumu la kuzuia joto juu ya slabu. Milimita 50 za povu hilo huzuia joto sawa na zege la unene wa mita 2 hivi. Tatizo ni kwamba povu huhitaji kukandamizwa kwa vigae vya saruji ili lisipeperuke, na vigae vya milimita 50 vina zaidi ya kilo 100 kwa mita ya mraba. Kabla ya hapo toboa paa sehemu moja uhesabu matabaka. Kila ukarabati uliopita huenda uliongeza lipu yake juu ya ile ya zamani. Matabaka matatu ya milimita 40 yana zaidi ya kilo 250 kwa mita ya mraba, wakati paa bapa la kupandwa na watu kwa kawaida hukadiriwa kubeba mzigo wa kilo 150. Paa la namna hiyo linahitaji kupunguziwa.

Jua la pembeni linataka hesabu yake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana hukaa kaskazini kwa kimo cha nyuzi 60, na Desemba hukaa kusini kwa kimo cha nyuzi 73. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.5 hadi chini ya kibaraza chake linahitaji kibaraza cha sentimita 87 ili livae kivuli chote saa sita. La kusini linatosheka na sentimita 45. Mashariki na magharibi kibaraza hakina kazi, kwani jua huja likiwa chini. Huko weka ukuta wa matofali ya matundu nje kidogo ya dirisha, au panda mwarobaini mita kama 6 kutoka msingi. Pazia la ndani husaidia macho tu. Joto likishapita kioo limeshaingia.

Dalili: hewa imesimama

Usilaumu feni kwanza. Fungua madirisha yote, washa kijiti cha udi, kishike kimo cha kichwa cha mwanafunzi aliyeketi, utembee kutoka upande mmoja hadi wa pili. Moshi ukielekea upande mmoja, upepo unapita. Ukipanda wima hadi darini, umefungwa mahali.

Mara nyingi umefungwa upande wa veranda. Kelele za wapitao ziliudhi mtu, akapigilia plaiwudi. Upepo usio na mlango wa kutokea hauingii. Toa plaiwudi, weka luva juu ya kimo cha macho, au matofali ya matundu kwa urefu wote wa ukuta. Chanzo cha pili ni luva zenyewe: vishikio vimekula kutu au vimegandishwa na rangi, na nusu ya vioo haigeuki. Badilisha vishikio na fremu ndogo za pembeni, mpango mzima wa dirisha hauhitaji kuvunjwa. Pima vioo kabla hujaenda dukani, kuna vya inchi 4 na vya inchi 6, na havichanganyiki. Tatu ni wavu wa mbu uliojaa vumbi. Uoshe kila mwanzo wa muhula.

Kumbuka kwamba miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, ni msimu wa kaskazi. Madirisha ya upande wa kaskazini na mashariki ndiyo yasizibwe na kabati wala ubao wa matangazo.

Dalili: paa linavuja

Alama ya maji darini mara chache iko chini ya tundu lenyewe. Maji hupita ndani ya slabu hadi yapate ufa. Kwa hiyo usianze kupaka lami juu ya ile alama.

Anza na matundu ya kutolea maji. Tundu likiwa limeziba kwa majani, au limewekwa juu kuliko slabu baada ya lipu kuongezwa, paa zima ni bwawa. Kwa hesabu, mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 300 ni lita 15,000. Hilo likiwa sawa, fuata sehemu tatu zinazoongoza kwa makosa: kona ya slabu na ukuta wa ukingo, mguu wa simtanki, na mabomba yanayopenya slabu. Ukitaka uhakika, na mhandisi akikubali uzito, ziba matundu, jaza maji kimo cha milimita 50, acha saa 24, ukiweka alama ya kimo ukutani. Fanya kwa vipande, usijaze paa lote kwa mkupuo.

Kwa matengenezo ya kudumu, weka kwanza lipu yenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 60 hadi 80 kuelekea tundu. Kona zote zijazwe kwa pembe ya saruji, kwani lami ya kubandika ikikunjwa kwa nyuzi 90 hupasuka. Kisha bandika karatasi ya lami ya milimita 4 kwa moto wa gesi, ikipishana milimita 100 ubavuni na 150 kwenye ncha, na ipande ukutani angalau milimita 150. Kinachoiua ni unyevu. Siku moja kabla, bandika ile nailoni ya mita 1 kwa 1 kwa selotepu pande zote. Ukikuta matone chini yake kesho yake, zege bado limeloa. Ukichoma lami juu yake, mvuke utavimbisha malengelenge, na kila lengelenge ni tundu la masika ijayo. Subiri. Kazi hii ni ya Januari na Februari.

Paa likiwa la asbesto, simama hapo. Usikate, usitoboe, usifagie wala usipige maji ya presha. Vumbi lake huua miaka mingi baadaye. Wasiliana na mamlaka ya mazingira, Tanzania Bara ni NEMC, Kenya ni NEMA, na kazi ya kuliondoa ifanywe na wenye kibali, shule ikiwa imefungwa.

Dalili: zege linapukutika na nondo zinaonekana

Hili ndilo la hatari zaidi. Vipande vikianza kudondoka, hamisha darasa siku hiyohiyo, halafu uangushe kila kilicholegea kwa fimbo ndefu ukiwa umevaa kofia ngumu.

Sababu ni moja, nondo imeshika kutu, na kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ila njia za kufikia hapo ni mbili, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni hewa: kabonidioksidi hupenya taratibu na kuondoa ualkali unaokilinda chuma. Ya pili ni chumvi, iliyokuja na upepo wa bahari, au mbaya zaidi, iliyochanganywa tangu siku ya kwanza ndani ya mchanga wa ufukweni na maji ya kisima cha chumvi.

Fenolfthalini hutenganisha hizo mbili. Banja kipande hadi upate uso mpya, pulizia. Zege lenye ualkali hugeuka waridi kali, lililopoteza ualkali hubaki na rangi yake. Pima kwa futi unene wa sehemu isiyogeuka. Ikiwa ni milimita 30 na nondo iko milimita 20 ndani, hewa imeshaifikia nondo. Lakini ukiona waridi limeizunguka nondo kabisa na bado nondo ina kutu, mshtakiwa ni chumvi. Peleka unga wa zege maabara wapime kloridi kabla ya kutoa hata senti ya ukarabati.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu palipo na chumvi, kiraka kizuri huharibu jirani yake. Ile sehemu yenye kutu ilikuwa ikijitoa sadaka kwa nondo iliyo pembeni, kama jiwe moja la betri. Ukiitibu, kutu huhamia kwenye ukingo wa kiraka, na mwaka wa pili unaona ufa wa duara kuzunguka kazi yako. Watu husema fundi aliiba saruji. Pengine hakuiba, alipewa kazi isiyo sahihi. Hapo zege lote lenye chumvi kuzunguka nondo liondolewe, au mhandisi aweke vipande vya zinki ndani ya kiraka vifungwe kwenye nondo, ili zinki iliwe badala ya chuma.

Kiraka chenyewe kinafanywa hivi. Gonga kwa nyundo uchore kwa chaki kila panapotoa mlio wa debe tupu. Kata mpaka wa eneo hilo kwa grenda, kina cha milimita 10, ukingo uwe wima, usiishie kama makali ya kisu. Chimbua kwa tindo hadi upite nyuma ya nondo milimita 20, na uifuate nondo hadi milimita 50 za chuma kisicho na kutu. Mafundi wengi hukomea kwenye uso wa nondo. Nyuma inabaki na kutu na kazi yote inadondoka. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, pande zote. Palipo na chumvi, osha kwa maji ya presha yasiyo na chumvi, maana brashi haitoi chumvi.

Sasa pima kipenyo. Nondo ya milimita 12 iliyobaki 10.7 imepoteza asilimia 20 ya nguvu yake. Kuanzia hapo usiendelee bila mhandisi, na usichimbue nguzo au boriti kabla ya kuitegemeza kwa nguzo za muda.

Paka nondo dawa ya kuzuia kutu, lowanisha zege usiku mzima, uliache likauke juu tu, kisha jaza mota ya ukarabati (mchanganyiko wa saruji) ya viwandani kwa tabaka za milimita 20 hadi 25 kwa kazi ya juu ya kichwa. Funika kwa magunia mabichi siku 3 hadi 7. Lipu ya kawaida ya mchanga na saruji haifai hapa: husinyaa, hubanduka, na haizuii hewa. Kumbuka ile chumvi ya chokaa. Sasa unajua kwa nini tuliikataza.

Dalili: feni zinazunguka kivivu, taa zinameta, uniti zinayeyuka

Pangaboi linalozunguka polepole kwa namba 5 mara nyingi limechoka kapasita. Soma namba iliyoandikwa juu yake, nyingi ni mikrofaradi 2.5, na urudishie hiyohiyo. Kubwa zaidi huunguza mota. Feni pia hulegea ikifungwa karibu mno na dari: iache milimita 300 chini ya slabu, na mapanga yasishuke chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Feni haipozi chumba, inapoza ngozi. Darasani kusipokuwa na mtu, izimwe.

Feni nne za wati 75 kwa saa 7 hula uniti 2.1 kwa siku. Zenye mota ya DC, wati 32 hivi, hula 0.9. Taa sita za mrija za futi nne zenye balasti ya zamani (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) hula wati 270, za LED wati 108. Balasti iruke, waya upelekwe moja kwa moja na fundi umeme aliyesajiliwa, vinginevyo balasti mbovu itaendelea kumetesha hata LED mpya. Swichi zigawanywe kwa safu zinazolingana na dirisha, ili safu iliyo dirishani ikae imezimwa mchana.

Kabla ya kubadili chochote, soma mita ya LUKU (ya umeme wa kulipia kabla) saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Taa nne za ulinzi za wati 30 hazizidi uniti 0.84 kwa muda huo. Ukikuta 5 au 6, mwizi yumo ndani: pampu ambayo boya lake limekwama na simtanki linamwagika, friji ya kantini, au waya unaovuja umeme kwenye ukuta uliolowa. Zima breka moja moja hadi mita itulie.

Dalili: ukarabati umeisha, joto limezidi

Hili linashangaza kamati, lakini lina sababu inayopimika kwa futi. Luva zilitolewa, yakawekwa madirisha ya alumini ya kuteleza, masafi, ya kisasa. Madirisha manane ya mita 1.5 kwa 1.2 yana jumla ya mita za mraba 14.4. Luva zikifunguka kwa asilimia 80, upepo ulikuwa na mita 11.5 za kupita. Dirisha la kuteleza hufungua nusu tu, kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine, kwa hiyo zimebaki 7.2. Sisi hulenga uwazi usiopungua sehemu moja ya sita ya sakafu, ambayo kwa darasa hili ni mita 10.5. Kilichonunuliwa ni upungufu wa mita 3.3.

Alumini yenyewe haina kosa. Agiza fremu hiyohiyo kwa bawaba, ikifunguka nje yote, au luva mpya zenye fremu ya alumini, skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile zilizokwisha fungwa, toa kioo kimoja kwa kila dirisha la upande wa veranda uweke luva mahali pake. Na mkataba ujao uandike mita za mraba za uwazi dirisha likiwa wazi kabisa, siyo ukubwa wa fremu, na zipimwe kwa futi kabla ya malipo ya mwisho.